Mwaka Mama Alipokuwa Dada Yangu

Juzi jirani yangu aliniletea majani ya mwarobaini aliyoyaponda mwenyewe. Aliyaleta kwenye bakuli, yamefunikwa kwa kisahani, bado mabichi, akanielekeza kwa upendo kabisa: "Jioni ujipake kwenye titi. Mtoto akionja mara mbili tatu atalikataa mwenyewe, na wewe utakwenda zako kuomba nafasi ya uuguzi. Chuoni huendi na mtoto mgongoni." Hakuwa na nia mbaya, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia kwamba nataka kusomea uuguzi. Lakini harufu ile iliponifika puani sikungoja. Nililirusha bakuli uani, kisahani na vyote, kuku wakatawanyika, na jirani akasimama pale akinitazama kama aliyemwona mtu anapandisha mashetani. Nikamwomba radhi kwa ajili ya bakuli. Kwa ajili ya mwarobaini sikumwomba, wala sitamwomba.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kando ya mto Tana mtanielewa nikisema kuna harufu za miaka ile ya mafuriko ambazo haziishi: tope lililooza, unga wa njano wa msaada, nailoni iliyopigwa na jua. Yangu mimi inaanza kabla maji hayajapanda. Inaanza na mama ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu, karibu na Kulesa, kifua wazi, anajipaka ule uchungu wa kijani kama anayejipaka mafuta, na mdogo wangu Buya anamtambalia huku anacheka. Buya alikuwa mtoto mnene, mapaja yana mikunjo, na alikuwa na tabia ya kugumia anapokaribia kunyonya kama mzee anayekaribia sahani. Alifika, akashika, akanyonya, akaachia. Hakulia papo hapo. Alimtazama mama usoni muda mrefu, kama anayengoja aambiwe kwamba huo ni mchezo. Kisha akajaribu tena.

Mama hakumtazama. Alikuwa anatazama migomba.

Baadaye maziwa yalipomjaa na kifua kikawaka moto, alikwenda nyuma ya choo akayakamua mchangani, akajifunga leso kwa nguvu hadi akawa anapumua kwa juu juu. Mimi nilimfuata nikajificha. Sisimizi walikuja kwenye ile alama nyeupe. Nilikuwa darasa la pili, na nilikuwa nimesikia kwamba mama anakwenda kusomea uuguzi, basi nikaelewa nilivyoelewa: kwamba hayo ndiyo masomo yenyewe, yameanza. Kwamba mtu hawi muuguzi mpaka umama wote uliomo ndani yake umwagwe uishe, kama unavyomwaga maji ya jana kwenye mtungi kabla ya kutia mapya. Sikuwa mbali na ukweli, na ndiyo maana hadi leo nina hasira.

Mama alikuwa mhudumu kwenye zahanati. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuteka maji, kuchemsha sindano kwenye sufuria, na kuwashika watoto miguu wanapopimwa uzito. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akanizaa mimi mara tu baada ya mtihani. Baba alikwenda Mombasa kutafuta kazi, na anaitafuta hadi leo. Alirudi mara moja tu, na mara hiyo ndiyo iliyomleta Buya. Mama hakutaka makubwa. Hakutaka kuwa daktari. Alitaka kuwa muuguzi wa cheti, yule wa chini kabisa, wa kudunga sindano na kuzalisha, kwa sababu ukiwa na cheti unapewa leseni, na ukiwa na leseni hakuna anayekuita kutoka kwa mgonjwa ukafagie.

Chuo kilichomkubali kilikuwa cha hospitali ya misheni, mbali, safari ya kutwa kwa basi barabara ikiwa nzuri. Na chuo kile kilikuwa na sharti moja: wasichana tu. Msichana maana yake ambaye hajazaa. Waliozaa wana mambo mengi, walisema, kila wiki wanaomba ruhusa, akili zao ziko nyumbani. Ukigundulika una mtoto unafunga begi siku hiyo hiyo. Mwanamume mwenye watoto sita angeweza kusomea udaktari, ualimu, upolisi, hata uchungaji, na asiwepo mtu wa kumwuliza nani amewabakia. Lakini mwanamke anayejua kwa mwili wake jinsi mtoto anavyoumwa, huyo ndiye hafai kuuguza watoto. Nimekaa na jambo hili miaka yote hii nikiligeuza kila upande, na bado sijaona upande wenye akili.

Basi Bibi, mama yake mama, akaamua. Tulikuwa jikoni, anasonga ugali.

"Huyu ni nani?" aliniuliza, akimwonyesha mama kwa mwiko.

"Mama."

Mwiko ukanigonga kichwani, si kwa nguvu. "Nani?"

"Mama!"

"Nyoo! Mama yako ni mimi. Huyu ni dada yako, na Buya ni mdogo wenu. Haya, huyu nani?"

"Dada."

"Na mimi?"

"Bibi."

Mama akacheka hadi akajishika mbavu. Bibi naye akacheka, akasema nina kichwa kigumu kama cha kambare, kisha tukaanza upya, na tukaendelea jioni nyingi, mpaka nikaweza kujibu hata nikiwa nimeamshwa usingizini. Kijiji kizima kiliingia kwenye uongo ule, kwa sababu kijiji kizima kilitaka muuguzi wake. Mchungaji alimdhamini mama kanisani mbele ya watu wote, akimwita "binti yetu", akiwa ndiye aliyembatiza Buya. Ni jirani mmoja tu, Mama Salome, aliyeshindwa kuuma ulimi. "Jamani, kumbe mtu huzaa akarudi usichana!" alimwambia mama kisimani. "Mimi nina wanane, nami nirudishwe. Nianzie wapi?" Wanawake wakacheka, na mama akacheka nao, kwa mdomo tu.

Aliondoka na begi la kuazima. Hakutukumbatia, maana ndani ya basi alikuwemo mtu anayejuana na watu wa chuo. Alitupungia mkono kama wanavyopunga dada.

Mvua zikaja, na hazikuja kama mvua za siku zote. Nyinyi mnazijua. Mto ulitoka kitandani ukaja mpaka mlangoni, migomba ikalala, mpunga ukazama, na asubuhi moja tukatolewa kwa mtumbwi, sisi na sufuria na mbuzi mmoja, tukapelekwa kwenye tuta la barabara inayokwenda Garsen. Tulikaa hapo chini ya nailoni, familia kwa familia. Waorma, wale wafugaji, nao walileta ng'ombe waliobaki, wakasimama nao upande wa pili wa tuta, ng'ombe wakawa wanakufa mmoja mmoja, na harufu ikawa moja kwetu sote. Maji kila upande na hakuna ya kunywa.

Buya alikula uji wa unga wa njano, hakuupenda. Alikuwa bado anatafuta titi. Alimfungua Bibi nguo, akamfungua Mama Salome, akanifungua hata mimi. Kisha akaanza kuhara. Sasa hapa naomba mnisikilize, kwa sababu Bibi hakuwa mwanamke mjinga, na alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. Bibi alijua walivyojua wazee wote: mtoto anayehara anatokwa na maji, kwa hiyo asiongezwe maji. Kila alipolia kiu, Bibi alimfuta midomo kwa ncha ya leso iliyolowa, basi. Mama angekuwepo angempa maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo na sukari, kijiko kwa kijiko. Alikuwa akiwafundisha wanawake jambo hilo pale zahanati kila siku aliposhika ufagio. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza muhula ule walikuwa wanasoma nini. Akaniambia bila kuinua macho: kuhara kwa watoto.

Buya alipokufa hakuwa mnene tena. Makaburi yetu yalikuwa chini ya maji, tukamzika mahali palipoinuka kando ya barabara, jioni ile ile. Watu wakaimba kidogo. Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa na hofu yangu kubwa zaidi. Hesabu yangu ilikuwa hii: Buya amekufa kwa sababu mama aligeuka dada, na mtoto asiye na mama hufa. Sasa nimebaki mimi. Usiku nililala nimeshika kidole gumba cha Bibi, nikamwuliza, "Bibi, lakini wewe ni mama yangu kabisa, ama ni wa kusema tu?" Akaniambia nilale.

Kisha ikaja kazi ya kupeleka habari. Bibi alinichukua kwa mtumbwi hadi Garsen, kwa polisi wenye redio ya upepo. Askari alikuwa kijana, amechoka, ana tope hadi magotini.

"Ujumbe unakwenda kwa nani?"

Bibi akataja chuo na jina la mama, Rehema.

"Marehemu ni nani wake?"

Kama angesema neno lile moja, binti yake angeletewa kifo cha mwanawe na kufukuzwa chuo kwa pumzi ile ile.

"Ni mdogo wake," alisema. "Waambie mdogo wake amefariki. Na waambie... Basi. Hivyo tu."

Bibi alikataa matanga kuanuliwa mpaka Rehema afike, na alifika maji yalipoanza kurudi nyuma, viatu mkononi, gauni la chuo limepandishwa kiunoni kwa ajili ya tope. Hakuja peke yake. Chuo kile kilikuwa na desturi: mwanafunzi akifiwa anasindikizwa na mwenzake, ili asipotee, na ili arudi siku aliyoambiwa. Mwenzake aliitwa Agneta, msichana wa Taveta, mrefu, mwenye pengo la kupendeza katikati ya meno ya mbele. Mimi nilikimbia kuwapokea, kisha nikakumbuka. Nikasimama, nikasema nilivyofundishwa: "Shikamoo, dada."

"Marahaba," mama akasema.

Agneta akanishika kidevu. "Mnafanana kweli, wewe na dada yako," alisema. Kisha akamtazama mama, akanitazama tena.

Kwetu Wapokomo siku ya kuanua tanga wafiwa hunyolewa. Ndugu wa marehemu hupunguzwa nywele kidogo tu mbele, kwenye paji. Mama wa marehemu hunyolewa zote, hadi ngozi, na maji ya kumwagia kichwa ni wanawake wenzake wanaoyateka. Hapo ndipo huruhusiwa kulia kwa sauti yoyote inayomtoka, na hakuna anayemwambia nyamaza. Baada ya hapo watu husema amemwacha mtoto wake aende.

Mwanamke wa ukoo aliyeshika wembe alitandika mkeka, akasema kama asemavyo siku zote, "Mama wa mtoto aje."

Wanawake wote wale walijua mama wa mtoto ni nani, na wote wakatazama chini, isipokuwa Agneta. Kisha Bibi akavua kitambaa, nywele zake nyeupe pepepe kama pamba, akaketi mkekani.

"Ni mimi," akasema.

"Ehe," Mama Salome akanong'ona, lakini mnong'ono wake ulikuwa wa kusikika ng'ambo ya mto. "Na Sara naye alizaa uzeeni."

"Mama Salome, funga shimo hilo," mtu akamwambia.

Mimi nilikuwa nyuma ya nailoni, naosha vikombe. Ndipo Agneta alipomvuta mama mkono wakaja kusimama karibu yangu kabisa. Mtoto anayeosha vikombe huwa haonekani.

"Rehema, sikiliza," Agneta alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nakwenda kukaa kule kwenye maji. Nitakaa sana, na mgongo wangu utakuwa huku. Wewe rudi kwenye ule mkeka ukanyolewe. Wakituuliza kule, nitasema kwa Wapokomo ndugu wote hunyolewa. Nani kule anajua Wapokomo hufanya nini?"

Mama alikuwa mkavu kama ukuta. "Ninyolewe kwa nini? Ni mdogo wangu."

"Rehema."

"Ni mdogo wangu, Agneta. Mbona husikii? Mama yangu ndiye yule pale ananyolewa."

"Haya," Agneta akasema. Lakini alikwenda hata hivyo. Alishuka hadi ukingoni mwa maji, akaketi juu ya gogo, akatupa mgongo. Aliketi muda mrefu sana bila kugeuka, kama alivyoahidi, na mkeka ulikuwa hatua chache tu kutoka kwa mama, na wanawake walikuwa wamemwacha njia.

Hakwenda. Alikwenda kukaa upande wa ndugu, nami nikaitwa nikakaa kando yake. Wembe ulipomfikia aliinamisha kichwa, akapunguzwa kidogo kwenye paji, akasema asante. Bibi ndiye aliyemwagiwa maji. Bibi ndiye aliyelia, na alilia vibaya, kilio cha watu wawili. Mama alikunja mikono mapajani, akaiangalia kama mikono ya mgonjwa. Kesho yake walirudi chuoni, na Bibi alinisifu kwamba nilijibu vizuri sana, sikukosea hata mara moja.

Mama alimaliza. Alipewa cheti na leseni, na baadaye akarudishwa huku kwetu. Nusu ya watoto wa kijiji chetu walishikwa kwanza na mikono yake. Wanamwita Sista, wanamwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, na watu huniambia, "Mama yako alijitoa kweli." Huwa nataka kuwapiga. Hakujitoa. Alitolewa. Waliomtoa wamezeeka kwa heshima, na sharti lao siku hizi halipo, limeondolewa kimyakimya, hakuna aliyesimama popote akasema tulikosea.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza mama ndiye aliyenizalisha, akakaa nami wiki za mwanzo. Siku moja nilimwuliza waziwazi, maana mimi mambo ya kuzungukazunguka siyawezi: "Siku ile Agneta alipokupa mgongo, kwa nini hukwenda?"

Alikuwa anakunja nepi. Hakushangaa kwamba nilisikia.

"Ningejuaje kama si mtego?" akasema. "Matroni wa chuo ndiye aliyemtuma."

"Lakini haukuwa mtego."

"Haukuwa." Akakunja nyingine. "Muhula uliofuata walimfukuza Agneta. Mama yake alikuja pale getini na mtoto mgonjwa, wa miaka miwili hivi. Ingekuwaje asije? Si hospitali? Tulikuwa tumepanga mstari, tunakwenda wodini. Yule mtoto akamwona Agneta mstarini akamwita. Akamwita mama."

Mama akaendelea, kwa sauti ile ile anayotumia kusoma kipimajoto.

"Vitanda vyetu vilikuwa vimepakana. Mwaka mzima. Usiku nilikuwa namsikia analia, nikawa nasema ana bahati, analilia nyumbani tu. Yeye naye sijui alikuwa akisema nini juu yangu. Siku hiyo nilimsaidia kukunja nguo zake. Hatukusemezana, matroni alikuwa amesimama mlangoni. Matroni alipogeuka kidogo, Agneta akaniuliza, 'Yule mdogo wako, alikuwa ameota meno?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia. Mawili. Ya chini."

Mama akazipanga nepi, akazipiga piga zikae sawa, akatoka kwenda kuchemsha maji. Nami nikabaki na mwanangu kifuani, nimeuma mdomo. Buya alikufa akiwa na meno sita. Manne yaliota kule kwenye tuta, na ni mimi niliyekuwa nampa kidole ayatafunie. Sijamwambia.